Fumbo la Chui, Mbuzi na Majani: Hesabu na Kitenzi

Fumbo la kuvusha chui, mbuzi na majani ni la kale, nalo limeenea mbali. Kwa Kilatini limo katika mkusanyo wa mafumbo ya kunoa akili za vijana unaonasibishwa na Alcuin, aliyefariki mwaka 804. Humo wamo mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Katika masimulizi ya Unguja mtumbwi hubeba mwenyewe pamoja na vitu viwili, na hapo kazi ni nyepesi mno: chui na majani vitangulie, mbuzi afuate. Ugumu huanza mtumbwi ubebapo kitu kimoja tu, kwani hapana budi mbuzi aliyekwisha kuvushwa arudishwe alikotoka. Mtoto huona kurudisha ni kushindwa. Akiivuka dhana hiyo, amepata faida yote ya fumbo.

Lakini faida hiyo hutegemea Kiswahili cha mwulizaji. Mathalani, fumbo likitolewa darasani Ubaruku, katika bonde la Usangu, mto ukawa Mbarali na majani yakageuzwa mpunga, mtoto hahitaji kuelezwa mbuzi atafanya nini. Kisha huulizwa, "Atavuka mara ngapi?" Ahesabuye kwenda na kurudi atajibu 7. Adhaniye kuvuka ni kwenda ng'ambo tu atajibu 4. Swali likigeuzwa kuwa "Atavusha mzigo mara ngapi?" jibu laweza kuwa 5, maana mbuzi alirudishwa mara moja. Watoto watatu wamefikiri sawasawa, na wawili wataandikiwa kosa. Kwa aliyelelewa kwa Kisangu hasara ni kubwa zaidi: atadhani hesabu imemshinda, kumbe ni kitenzi.

Sharti nalo huharibiwa vivyo hivyo. "Mbuzi na mpunga visikae pamoja" ni kauli pungufu, kwa kuwa mwanzoni vyote vi pamoja ukingoni, na sharti limevunjwa kabla ya safari. Yapasa kusemwa, "visiachwe pamoja asipokuwapo mwenyewe." Ni maneno machache tu, ila bila hayo mtoto makini ndiye atakayekwama, na mzembe atapita.

Waila wa Zambia huongeza panya na kapu la mahindi mahali pa majani. Kwa mtumbwi wa kitu kimoja jambo hilo haliwezekani kabisa. Mwenye wanyama, asiyekubali kumwacha hata mmoja, huamua kubaki alipo. Jibu hilo ni sahihi kihesabu.