Maswali Yanayojijibu

Mdofa alikizobeka kibwefu. Nani alikizobeka kibwefu? Mdofa alizobeka nini?

Maneno hayo niliyabuni mwenyewe, hayana maana yoyote. Niliwaandikia wanachuo wa ualimu ubaoni, nao karibu wote wakapata yote mawili. Sarufi iliwatosha: mdofa huvutana na a-, kibwefu na -ki-, basi jibu likachomoka lenyewe.

Ndivyo yalivyo mazoezi mengi ya ufahamu tunayofundishia Kiingereza. Juma alikwenda sokoni. Nani alikwenda sokoni? Mtoto ananakili jina, anapata vema, nasi tunasema amesoma. Mwaka 1984 Criper na Dodd walipoandika kwamba wanafunzi wengi wa sekondari nchini hawakimudu Kiingereza kiasi cha kufundishwa kwacho, sikushangaa. Vema za namna hiyo nilikuwa nimezigawa kwa miaka.

Mpe mwanafunzi habari ya mzee aliyepanda treni Mpanda bila tiketi, ana madumu matatu ya asali, akashuka Tabora na mawili. Usimwulize alipandia wapi. Mwulize kwa nini mkaguzi wa tiketi hakumsumbua. Hapo sarufi atakuwa na haja nayo, maana atatafuta Kiingereza cha kusema "labda", na cha kusema "kwa sababu".

Siku ile ya mdofa, mmoja tu aliacha karatasi tupu, akanyoosha mkono kuuliza kibwefu ni nini. Muhula uliotangulia, katika ufahamu, nilikuwa nimempa alama ya chini kuliko wenzake wote.