Karisi ya Mwindo: mali yetu iliyo mbali na mikono yetu

Watu wa mbali wakisikia jina la Walikale hufikiri kasiterite ya Bisie, ao habari za vita. Lakini katika vyuo vikuu vya Ulaya na Amerika wako watu wanaoijua inchi hii kwa sababu nyingine kabisa: hadithi ya Mwindo. Yafaa sisi tunaofundisha tujue kazi ile ilifanywa namna gani, na tuipime.

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, mzee mmoja Munyanga, jina lake Rureke, alisimulia karisi mbele ya Bwana Daniel Biebuyck, Mbelgiji mwenye elimu ya desturi za watu. Karisi ni jina la masimulizi marefu ya namna hiyo kwa Kinyanga. Rureke alisimulia, akaimba, akacheza, muda wa siku kumi na mbili, nao waandishi wakaandika maneno yake. Mwaka 1969 kitabu kilitoka Amerika, kwa Kingereza, pamoja na maneno yenyewe ya Kinyanga. Aliyesaidiana na Biebuyck katika kutafsiri ni Kahombo Mateene, Munyanga, mwenye elimu ya lugha.

Hadithi yenyewe, kwa kifupi, ni hii. Shemwindo, mwami wa Tubondo, anawakataza wake zake saba wasizae mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa, anatembea siku ile ile. Ndiyo maana anaitwa Kabutwakenda. Baba yake anataka kumwua: anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Lakini mtoto anamfikia shangazi yake Iyangura, kisha anarudi kupigana. Baba anakimbilia chini ya inchi kwa Muisa. Mwindo anamfuata, anamrudisha, wanapatana.

Kwanza tusifu lililo jema. Kitabu kinamtaja fundi kwa jina lake. Mara ngapi tumesoma maneno ya wazee wetu yameandikwa «wenyeji wanasema», kama kwamba hayakuwa na mwenyewe! Tena maneno ya Kinyanga yamewekwa mule mule. Basi anayejua lugha aweza kuihukumu tafsiri. Hiyo ndiyo kazi ya haki.

Lakini kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza: Rureke mwenyewe alieleza kwamba hajapata kamwe kuisimulia hadithi yote mfululizo. Desturi ilikuwa kutoa kipande hiki leo, kipande kingine siku nyingine. Kwa hiyo kitabu kizima, tangu mwanzo mpaka mwisho, kilizaliwa kwa sababu mgeni aliomba. Si uwongo, lakini si haki pia kusema: «Hii ndiyo hadithi ya Wanyanga, hakuna nyingine». Mwaka 1978 Biebuyck alitoa kitabu cha pili chenye masimulizi mengine ya Mwindo, nayo hayafanani yote. Anayeeleza mambo haya kwa wanafunzi asifiche jambo hilo.

La pili ni maneno ya tafsiri. Kirimu, mnyama wa msituni mwenye vichwa saba, ameitwa kwa Kingereza kwa jina la yule joka anayechomwa mkuki na Mtakatifu Georgi katika picha. Mara moja msomaji anaona mabawa na moto. Sisi wa Kiswahili tungesema zimwi, na tungekuwa karibu zaidi. Vivyo hivyo Nkuba, yaani radi: tukimwita «mungu» bila kufikiri, tumekwisha kumhukumu Munyanga kabla ya kumsikia. Katekista anajua hatari hii, maana kila siku anatafuta neno la kusema neema, ao roho.

La tatu ni kubwa zaidi. Mtu akiisimulia hadithi hii kwa haraka, atapenda kukomea pale Mwindo anaposhinda. Lakini Rureke hakukomea pale. Baada ya ushindi, Mwindo anaua Kirimu, naye Kirimu ni rafiki wa Nkuba. Nkuba anamchukua juu mbinguni. Huko shujaa anateswa na baridi na jua, anakaripiwa juu ya kiburi chake. Anarudi amenyenyekea, ndipo anawapa watu amri: wasigombane, wasimcheke kilema, wamheshimu mwami, na mwami naye awaheshimu wao. Ukikata mwisho huu, unabaki na mtoto mwenye nguvu tu. Ukiuacha, unapata fundisho juu ya mamlaka, ambalo inchi yetu inalihitaji sana.

Sasa swali langu. Kitabu hiki kiko wapi? Kiko Amerika, kwa Kingereza, katika maktaba za wenye elimu. Mtoto wa Walikale asomaye Kifaransa na Kiswahili shuleni atakifikiaje? Na zamani hakukihitaji, kwa kuwa alikuwa na babu yake karibu na moto. Lakini tangu mwaka 1993, mapigano yalipoanza Ntoto na kuenea mpaka Masisi, watu wengi wamehama vijiji vyao mara nyingi. Katika kambi, mzee na mjukuu hawakai tena pamoja kama zamani.

Tusiwalaumu wageni kwa kuandika. Tujiulize juu ya nini sisi hatukuandika. Jirani yetu Abbé Alexis Kagame wa Rwanda alikuwa padri, naye alikusanya mashairi ya lugha yake maisha yake yote. Hakungoja mgeni amwombe. Museminari akienda likizo na daftari moja, amwulize mzee jina lake, aandike maneno yake kama alivyoyasema, kisha amsomee tena ili ayasahihishe. Halafu ayaweke kwa Kiswahili chepesi, watu wa parokia wasome. Kazi ya chuo kikuu imetimia siku ile mwenye hadithi anapoweza kuisikia na kusema: «Ndiyo, ni yangu.»