Neno "Agano" na Wanyama Waliopasuliwa

Neno la Kiebrania berith hupatikana zaidi ya mara 280 katika Agano la Kale. Watafsiri wa Kiswahili waliliwekea neno "agano", wala sidhani kwamba wangepata lililo bora. Lakini neno lililo bora si lazima liwe sawasawa na lile la asili, na mwalimu asiyeiona tofauti hiyo ataifundisha sura ya 15 ya Mwanzo kinyume cha yaliyomo.

Tulitazame kwanza neno letu wenyewe. "Agano" latoka katika kuagana, na kuagana ni tendo la watu wawili. Ile -na ya mwisho yashuhudia. Waaganao sokoni, mmoja ataleta mtama siku fulani, na mwenzake atalipa. Asipoleta, mwenzake hawiwi kitu. Ndiyo maana aliyo nayo mwanafunzi moyoni kabla hajakifungua kitabu. Mwanafunzi wangu mmoja, mtu mzima, aliniuliza mwaka ule mvua ilipokosekana: "Mwalimu, mimi nimetimiza upande wangu, mbona mwenzangu hajatimiza wake?" Mwenzangu! Sikucheka, kwa kuwa hakukosa lugha. Alikuwa amelifuata neno mpaka mwisho wake.

Waebrania hawasemi kufanya agano, husema kulikata. Kiswahili hukata shauri na hukata maneno, lakini agano hakilikati. Kwa hiyo tafsiri zetu zasema "kufanya", na kisu kimepotea. Si hasara ndogo, maana kisu ndicho kiifafanuacho sura nzima. Abramu aambiwa alete mtamba, mbuzi jike na kondoo mume, wote wa miaka mitatu, pamoja na hua na mwana-njiwa. Awapasua wale wanyama (ndege hawapasui), na kuvielekeza vipande kila kimoja na mwenziwe. Maana ya desturi hiyo twaipata katika Yeremia 34. Wakuu wa Yuda walipita kati ya vipande vya ndama wakiahidi kuwaacha huru watumwa wao, kisha wakawarudisha utumwani. Nabii awaonya kwamba wao wenyewe watakuwa kama ndama yule. Na katika mawe ya Sefire, karibu na Aleppo, yaliyoandikwa kwa Kiaramu katika karne ya nane kabla ya Kristo, mfalme Matiel aapizwa vivyo hivyo: akilivunja agano, akatwe kama ndama. Basi apitaye kati ya vipande hujiapiza.

Ni nani, basi, apitaye katika Mwanzo 15? Abramu amelala usingizi mzito. Kinachopita ni tanuru ya moshi na mwenge wa moto, yaani Mungu peke yake. Kazi ya Abramu baada ya kuvipanga vipande ilikuwa kuwafukuza ndege walao mizoga.

Tangu mwaka 1954, George Mendenhall alipoandika juu ya jambo hili, wataalamu wengi wameulinganisha mlima wa Sinai na mikataba ya wafalme wa Wahiti na watu waliokuwa chini yao. Ulinganisho huo wasaidia sana hapo Sinai. Lakini wauvutao mpaka kwa Abramu wapotea, kwa kuwa katika mikataba ile aliye mdogo ndiye aapaye. Hapa mdogo amelala.

Wako wasemao kwamba "ahadi" lingefaa zaidi. Hoja yao ina nguvu. Neno hilo latokana na lile la Kiarabu ambalo Wakristo Waarabu huliita Agano la Kale; tena Wayahudi walioitafsiri Torati kwa Kiyunani, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, waliliepuka neno syntheke, yaani mapatano ya wawili, wakachagua diatheke, neno la wasia. Hata hivyo siwafuati. Ahadi kwetu imekuwa nyepesi, na mtu huitoa mlangoni akiondoka. Tena ukilitia neno hilo kila mahali utaiharibu sura ya 24 ya Kutoka, ambapo watu wajibu kwamba watatii, na Musa anyunyiza nusu ya damu juu ya madhabahu na nusu juu yao. Pale -na ya kuagana ni kweli tupu. Hata habari za Abramu zenyewe hazikuishia katika usingizi ule: katika sura ya 17 tohara yaamriwa, na asiyetahiriwa "atakatwa" atoke katika watu wake, kwa kitenzi kile kile cha kukata agano. Torati imeziacha sura hizo mbili karibu karibu, wala haikuzipatanisha. Nasi tusiwe na haraka ya kuzipatanisha kwa neno moja.

Kwa hiyo "agano" na libaki. Bali nisomapo sura ya 15 darasani huwaambia wanafunzi habari za kisu, kisha huwauliza ni nani aliyepita. Yule mwanafunzi wangu alikaa kimya kitambo, akaniuliza kama Mungu aweza kupasuliwa. Nalimjibu kwamba sura yenyewe haisemi.