Heko kwa Waandishi wa Kizimbani
Alfred Mutua, gavana wa kwanza wa Machakos, alikuwa ametayarisha tamthilia ya polisi, Cobra Squad, kabla ya kuchaguliwa mwaka 2013. Hata hivyo, kwangu mimi kipimo cha uandishi wa tamthilia za uhalifu na mahakama kingali Vioja Mahakamani, kipindi cha vichekesho vya kortini cha KBC. Wapo wanaoibeza: kesi ni za ugomvi mdogo mdogo, sheria imelegezwa, na lafudhi za makabila zimetiwa chumvi. La lafudhi nalikubali. Mzaha huo umechakaa. Lakini sikiliza mahojiano yenyewe. Swali la mwendesha mashtaka huzaliwa na jibu lililotangulia, na mshtakiwa hunaswa na ulimi wake mwenyewe, wala si na ushahidi ulioanguka kutoka mbinguni dakika ya mwisho. Tamthilia ya Crime and Justice ya Showmax, iliyotoka 2021, ilikuja na wapelelezi wa Nairobi na visa vyenye harufu ya habari za magazeti, jambo la kupongezwa pia. Ila bunduki na kamera nzuri hununuliwa. Jibu linalomponza msemaji sharti liandikwe. Na katika mahakama ya Machakos, ambako shahidi aweza kusema Kikamba na mkalimani akamfasiria hakimu, malighafi ya uandishi huo ingalipo tele.