Saini Mbili na Mkunjo Mmoja

Noti za kwanza za Tanzania hazina mwaka. Benki Kuu ilipofungua milango yake tarehe 14 Juni 1966 ilitoa noti za shilingi tano, kumi, ishirini na mia moja, zote zikiwa na sura ya Mwalimu Nyerere, na hakuna hata moja iliyoandikwa tarehe. Ukiokota noti ya shilingi kumi kwenye sanduku la marehemu babu na ukataka kujua ni ya enzi ipi, huna budi kutazama saini mbili: ya Waziri wa Fedha na ya Gavana. Ukikuta Amir Jamal na Edwin Mtei pamoja, unashika toleo la mwanzo. Cleopa Msuya akiwa upande wa waziri, ujue umeshaingia mwaka 1972. Charles Nyirabu akikaa upande wa gavana, ni 1974 au baada ya hapo. Mtei mwenyewe aliondoka benki mwaka huo kwenda Jumuiya ya Afrika Mashariki, akarudi 1977 akiwa Waziri wa Fedha. Ndiyo maana mtu asiyejua historia hiyo huweza kuchanganyikiwa akiliona jina lake limehamia upande wa pili.

Haya nimeyajua mezani kwa mzee mmoja wa hapa Dodoma, mstaafu wa reli, aliyeanza kuweka noti tangu akiwa shule ya msingi. Watu humletea makusanyo ya utotoni, yao au ya wazazi wao, ayapange madaraja. Karibu wote huanza na swali moja: "Mzee, hii inakwenda shilingi ngapi?" Naye hujibu vilevile kila mara: "Subiri, mwanangu. Kwanza tujue ni nini, halafu ina hali gani. Bei itakuja yenyewe." Nimewaona wauzaji wa kila namna, na kwa wengi wao bei hutangulia, kisha macho hutafuta sababu za kuitetea. Kwa mzee huyu bei haipewi hata kiti mpaka mambo mawili ya kwanza yaishe.

Huanza na mikono. Miezi ya Juni na Julai upepo wa Dodoma hukausha ngozi mpaka ikapasuka, na hakuna asiyejipaka mafuta. Mafuta hayo yakigusa karatasi yameingia, hayatoki. Kwa hiyo hunawa kwa sabuni, hujifuta, husubiri mikono ikauke kabisa, ndipo huishika noti kwa kingo zake. Glavu hazitaki; anasema zinamnyima kuhisi karatasi, na karatasi ndiyo inayosema mengi kuliko picha.

Kisha huilaza bapa karibu na dirisha asubuhi, mwanga ukiingia kutoka ubavuni. Mwanga wa juu husamehe. Wa ubavuni hausamehi. Kila mkunjo hutoa kivuli chake. Hapo hutenganisha mkunjo mwepesi, ambao karatasi imepinda tu na wino uko mzima, na mkunjo uliovunja, ambao wino umekatika na nyuzi nyeupe za karatasi zinachungulia. Tofauti hiyo ina uzito wake. Kwa kanuni za IBNS, chama cha kimataifa cha wakusanyaji wa noti kilichoundwa mwaka 1961, noti ya daraja la tatu kutoka juu haipaswi kuzidi mikunjo mitatu myepesi, au mmoja tu uliovunja. Mnunuzi mzoefu ataihesabu mikunjo hiyo, kwa hiyo afadhali mpangaji aihesabu kwanza.

Baadaye huinyanyua kwenye mwanga. Kichwa cha twiga kinachojificha ndani ya karatasi hujitokeza, na pamoja nacho hujitokeza matundu ya pini, maana zamani noti zilichomwa pini zikafungwa mafungu. Hapo pia huonekana viraka vya gundi na kona zilizojazwa. Hatimaye huja rula. Noti iliyochakaa katikati lakini yenye kingo zilizonyooka kama wembe imekatwa na mtu aliyetaka kuficha uchakavu, na milimita moja iliyopungua hutosha kuthibitisha.

Kazi ngumu zaidi ni noti iliyofuliwa. Kuna watu huiosha noti chafu, wakaipiga pasi, ikatoka nyeupe na nyoofu. Macho hudanganyika. Vidole havidanganyiki: chapa ya zamani ilikandamizwa kwa nguvu hadi ikaacha mwinuko unaohisika, na pasi huulaza mwinuko huo. Karatasi hulegea, haina tena ule mlio wake inapotikiswa. Na ukiimulika kwa taa ya urujuanimno, mara nyingi sabuni ya unga huing'arisha bluu yote, kwa sababu ina kemikali za kuzidisha weupe.

Lakini ustadi wake naupenda zaidi pale penye saini ya mkono. Saini za noti za Jamal na Mtei ni za kupigwa chapa. Kuna noti nyingine zilizotoka uwanda huuhuu wa kati ambazo nyingi zilisainiwa kwa kalamu, moja moja. Vita Kuu ya Kwanza ilipowakatia Wajerumani njia ya bahari, fedha kutoka Ulaya hazikufika tena, wakaanza kuchapa noti za muda za rupia humu humu, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Serikali yao ilihamia Tabora, na karakana ya reli ya huko ndiyo iliyopiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ya mwaka 1916, yenye tembo, kwa dhahabu ya Sekenke kule Iramba. Dodoma ilianguka mwishoni mwa Julai 1916, Tabora tarehe 19 Septemba. Noti zikabaki mikononi mwa watu bila benki ya kuzilipa.

Niliiona moja ya noti hizo mezani kwake, ya rupia moja, imekunjwa mara nne, rangi ya chai. Aliisogeza lenzi juu ya saini akaniita nitazame. Kalamu ya chuma ikibonyezwa ncha yake hupanuka, na pale mkono ulipokaza huacha mifereji miwili sambamba yenye wino mzito pembeni. Muhuri hauwezi kufanya hivyo; wino wake hukaa juu, hujaa kwenye ukingo wa herufi. Anayeiga saini ya mwenzake huenda polepole: mstari hutetemeka, huanza butu na kuishia butu, ilhali mwenye saini huianza kalamu ikiwa tayari mwendoni. Kisha akanionyesha pale saini inapokatana na mkunjo. Wino ulikuwa umevunjika pamoja na karatasi, bila kuchuruzika ndani ya nyuzi. Maana yake saini ilitangulia, mkunjo ukafuata. Ingekuwa mkunjo umetangulia, wino ungenywewa na nyuzi zilizo wazi na kutanda kama mizizi midogo. Kwa jambo hilo moja alikubali kwamba saini si ya kuongezwa juzi. Hakusema zaidi ya hapo, wala hakuruhusu mwenye noti aseme zaidi.

Ugumu wa kutambua udanganyifu si wa kwetu peke yetu. Wamarekani, wanaokusanya kadi za wachezaji wa besiboli tangu utotoni na kuzipeleka zipewe alama kuanzia 1 hadi 10, waliipa kadi ya Honus Wagner alama 8, ikawa kadi maarufu kuliko zote. Mwaka 2013 muuzaji Bill Mastro akakiri kwamba alikuwa ameikata kingo. Kasha lililofungwa na cheti havikuwa vimezuia chochote. Mzee wangu hana cheti cha kumpa mtu. Humwandikia karatasi: saini za nani, mikunjo mingapi na ya aina gani, matundu, madoa, vipimo. Yeyote anaweza kuichukua karatasi ile akaihakiki mbele ya noti.

Kuhusu utunzaji, uwanda wa kati una baraka yake. Noti zinazotoka Tanga au Dar es Salaam humjia na madoa ya kutu na harufu ya kuvu; za Dodoma na Singida hubaki kavu. Adui wa huku ni vumbi jekundu, mchwa, na zile albamu za picha zenye gundi tulizozipenda sana utotoni.

Bei huja mwisho, na ili kuipata hutazama noti zilizouzwa kweli, si zile zinazotangazwa. Kazi hiyo imeongezeka tangu Benki Kuu ilipoziondoa noti za miaka ya 1985 hadi 2003, ikatoa muda wa kuzibadilisha kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Aliyechelewa amebaki na karatasi isiyonunua hata kiberiti. Wengi wa waliochelewa huja na matumaini makubwa, naye huwaambia kwa upole kwamba noti iliyochapwa kwa mamilioni na kutumika mpaka ikalegea haipandi bei kwa sababu tu imeondolewa sokoni. Ile iliyokaa ndani ya kitabu bila kukunjwa, hiyo huiweka kando.

Siku moja alinifungulia albamu yake mwenyewe. Noti ya shilingi tano, Jamal na Mtei, kona zote kali, mkunjo mwepesi mmoja katikati. Pembeni, kwa kalamu ya wino wa bluu, mwandiko wa mtoto: jina lake na darasa lake. Karatasi yake ya maelezo ilikuwa nyuma ya noti, ameijaza kama anavyomjazia mteja: imeandikwa kwa kalamu ukingoni, upande wa mbele, maneno mawili, imeshushwa madaraja mawili.