Kujifunza Kuomba katika Maungamo ya Augustino

Wasomaji wengi huyachukua Maungamo ya Augustino kuwa ni habari za maisha ya mtu, nao hupita upesi penye sala ili wafike penye kisa. Kusoma hivyo ni kushika ganda na kuacha kiini. Kitabu hiki, kilichoandikwa yapata mwaka 397 hadi 400, mwandishi wake akiwa askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, ni sala tangu neno la kwanza. Anayeambiwa ni Mungu; sisi twasikiliza pembeni. Basi yatupasa kuuliza, si mambo gani yalimpata Augustino tu, bali alijifunzaje kuomba, na sanaa yake imefaulu kwa kadiri gani kutuonyesha mafunzo hayo.

Somo la kwanza ni la utotoni. Mtoto amwomba Mungu asichapwe shuleni. Hakupewa alichoomba, na watu wazima, hata wazazi wake, waliyacheka mapigo yale. Mwandishi mwingine angaliliacha jambo dogo kama hili, au angalilitaja kwa mzaha. Augustino halidharau. Ombi lile ni la nafsi yake na la mwili wake, nalo ndilo lililomfungua ulimi. Mwanadamu huanza kuomba kwa sababu ya maumivu yake mwenyewe, wala hapana haya katika mwanzo huo.

Somo la pili ni chungu zaidi. Kijana aomba usafi wa mwenendo, lakini aongeza sharti kwamba usimjie upesi. Wengi hulikumbuka ombi hili kwa kicheko. Walakini hapa ndipo kalamu ya mwandishi ilipo kali, maana ombi lenyewe lamshuhudia mwombaji: ulimi wataka, na moyo waogopa kupewa. Tangu hapo msomaji ajua ya kuwa kuomba si kupanga maneno, ijapokuwa aandikaye alikuwa mwalimu wa ufasaha, aliyepata riziki yake kwa kuyapanga.

Katika kuwaombea wengine, mwalimu wake ni mama yake. Mwaka 383 Augustino alimhadaa mama huyo, akapanda chombo usiku kwenda Roma, huku mama akikesha mahali pa ukumbusho wa Mtakatifu Sipriano, karibu na bandari ya Kartago, akimsihi Mungu amzuie mwanawe. Kulipokucha chombo kilikuwa kimekwisha tweka. Je, ombi lilikataliwa? Augustino ajibu kwamba Mungu alimnyima mama alichoomba usiku ule ili ampe alichoomba siku zote. Kwani safari ile ndiyo iliyomfikisha Milano, alikobatizwa mwaka 387. Kama jibu hili lingetolewa na mtu baki, lingekuwa faraja nyepesi. Uzito wake ni kwamba latoka kinywani mwa mwana yule yule aliyedanganya.

Baadaye mambo yageuka. Siku moja Augustino ashikwa na maumivu ya meno hata asiweze kunena. Aandika katika kibao cha nta, akiwataka rafiki zake wamwombee. Nao wapigapo magoti, maumivu yaondoka. Kisa ni kifupi mno, lakini ndicho daraja la kitabu. Mwalimu wa ufasaha amenyang'anywa ulimi, naye ahitaji ndimi za wenzake. Hata mama afapo katika Ostia, mwana aliyeombewa miaka mingi sasa ndiye amwombeaye mama, kisha awaomba wasomaji wamkumbuke yeye na Patricius mumewe. Jina la Monika latajwa mara moja tu katika kitabu chote, nalo latajwa hapo, ndani ya ombi. Sisi tuliokuwa pembeni twavutwa katikati.

Msomaji wa Kiswahili hataona ugeni katika jambo hili. Mwana Kupona, alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858 hali ni mgonjwa, aliyaunganisha mawaidha yake na dua ndefu ya nafsi yake na ya jamaa zake. Dini ni mbali mbali, lakini wote wawili walijua ya kuwa mtu hajiombei kwa haki asipokuwa na wengine moyoni.

Kwa sababu hiyo hiyo yatupasa kutaja upungufu mmoja, nao si mdogo. Mwanamke aliyekaa na Augustino miaka mingi, akamzalia mwanawe Adeodatus, alirudishwa Afrika ili ipatikane njia ya ndoa yenye heshima. Twaambiwa kwamba moyo wa Augustino ulitoka damu, na kwamba mwanamke yule aliweka nadhiri asijue mume mwingine. Jina lake hatupewi, wala hatusikii ombi kwa ajili yake. Kitabu kinachowaombea wazazi kwa majina chanyamaza juu ya mtu aliyeumizwa na mwandishi mwenyewe. Waweza kusema alimsitiri. Lakini kumsitiri mtu mbele ya wasomaji hakuzuii kumtaja mbele ya Mungu.

Yapata mwaka 412 Augustino alimwandikia mjane Proba, aliyekimbilia Afrika baada ya Roma kutekwa mwaka 410, akimfundisha kuomba. Alisema ya kuwa Mungu aijua haja yetu kabla hatujanena. Twaomba ili shauku yetu ipanuke hata iweze kupokea. Kwa kipimo hicho chake, Maungamo yatuonyesha moyo uliopanuka tangu ombi la mtoto asichapwe hata kuwaalika watu asiowajua wamwombee mama yake. Yatuonyesha pia mahali ulipokoma kupanuka. Msomaji mwaminifu ayashike yote mawili, maana kimya kile nacho ni sehemu ya somo.