Mrija wa Dumu la Jenereta: Palipo na Kazi ni Kwenye Mfuniko

Jenereta ndogo za inveta zinasifiwa kwa utulivu na ubanaji wa mafuta, lakini tangi lao ni dogo. Honda EU22i, kwa mfano, inabeba lita 3.6 za petroli. Kwa robo ya mzigo mafuta hayo yanakwenda saa 8 na dakika chache. Kwa mzigo kamili hayafiki saa 3 na nusu. Mwenye nyumba ya wageni anayetaka friji ikeshe inafanya kazi atalazimika kuamka usiku kujaza, na hatari iko hapo hapo: petroli inamiminwa gizani juu ya injini iliyozimwa sasa hivi, ekzosi ikiwa bado ya moto. Unguja ilikaa bila umeme wa Bara kwa takriban miezi 3, Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kwa watu waliolala na kuamka na mlio wa jenereta kipindi hicho, kujaza mafuta usiku si jambo la kusimuliwa.

Kazi ninayoichambua hapa ilifanywa na fundi wa mashine za boti wa huko huko Unguja. Aliunganisha jenereta ya inveta ya aina hiyo na dumu la chuma la lita 20 kwa mrija unaoshuka ndani ya dumu hadi karibu na kitako. Kwa robo ya mzigo, dumu hilo linaongeza kama saa 45. Watu wengi hutazama kazi ya namna hii wakaangalia ncha ya chini ya mrija. Mimi nasema ubora wake unapimwa juu, pale mrija unapopenya mfuniko.

Tuanze na namna mafuta yanavyosafiri. Jenereta hizi zina pampu ndogo ya kiwambo inayoendeshwa na mapigo ya hewa ya injini yenyewe, nayo huvuta petroli kutoka tangi dogo kwenda kwenye kabureta. Fundi aliuondoa mfuniko wa tangi hilo akaweka mwingine usio na tundu la hewa, wenye nipeli ya kupokea mpira wa mafuta kutoka kwenye dumu. Tangi limezibwa kabisa, kwa hiyo kila tone linalotoka linapunguza mgandamizo ndani yake. Kwenye dumu, ambako tundu la hewa liko wazi, hewa ya kawaida inakandamiza petroli na kuisukuma kupanda mrija hadi kulijaza tangi. Tangi dogo linabaki limejaa, dumu ndilo linalopungua. Jenereta za fremu zenye tangi juu, ambazo mafuta hushuka yenyewe kwenye kabureta bila pampu, hazifai kwa mpango huu.

Sasa fikiria kuna mwanya mdogo kwenye kiungo cha mrija. Bomba linalosukumiwa mafuta likiwa na tundu, linalowa, utaona, utanusa. Bomba linalonyonya halitoi kitu nje, linaingiza hewa. Hewa hiyo inakwenda kukaa juu ya petroli katika tangi dogo, na kwa kuwa mgandamizo haushuki tena, dumu halitoi mafuta. Jenereta itaendelea kuunguruma vizuri kwa saa kadhaa, ikinywa lita zake 3.6 za mwanzo, kisha itazimika usiku wa manane huku dumu limejaa. Mwenye mali atalaumu kabureta, atabadilisha plagi, atasafisha chujio. Kosa liko kwenye oringi ya shilingi chache.

Ndiyo maana namsifu fundi yule kwa jambo la kwanza alilolifanya: alitoboa mfuniko, hakugusa mwili wa dumu. Mfuniko ulitolewa ukapelekwa mbali, ukatobolewa kwa keekee bila mvuke wa petroli kuwa karibu, na kingo za tundu zikasuguliwa kwa tupa hadi zikawa laini. Dumu lililowahi kubeba petroli halitobolewi, hata likiwa tupu, kwani mvuke uliobaki unatosha kulipuka. Tena mfuniko ukiharibika unanunua mwingine.

Jambo la pili ni mrija wenyewe. Alitumia aluminiamu, kipande kimoja kisicho na kiungo, kinachopita ndani ya nipeli moja kwa moja hadi chini. Mafundi wengine hufunga nipeli kwenye mfuniko halafu wakachomeka mpira ndani ya dumu. Kiungo hicho cha ndani kiko juu ya mafuta tangu siku ya kwanza, kwa hiyo kikilegea kinanyonya mvuke na hewa, na huwezi kukiona bila kufungua. Mpira wenyewe nao hujikunja na kuinuka kutoka chini. Msumeno wa mnyororo hutumia mpira laini wenye chujio zito mwishoni kwa sababu hufanya kazi ukilazwa na kugeuzwa kila upande. Jenereta imekaa mahali pamoja, basi mrija mgumu unatosha. Shaba nyekundu fundi aliikataa, na alikuwa na haki: huharakisha petroli kugeuka utomvu. Mrija ukiwa na ufa katikati, dalili yake ni ya pekee: mambo yanakwenda sawa dumu likiwa limejaa, na matatizo yanaanza mafuta yakishuka chini ya ufa.

Ncha ya chini aliikata mshazari ili isije ikajibana kwenye kitako, akaiacha sentimeta 2 juu yake. Kitako cha dumu kina eneo la kama sentimeta 500 za mraba, hivyo lita nzima itabaki bila kunyonywa. Wapo watakaoona ni hasara. Katika unyevu wa pwani maji hujikusanya ndani ya madumu, na kwa kuwa ni mazito kuliko petroli hukaa chini kabisa pamoja na kutu na mchanga. Lita hiyo moja inailinda kabureta.

Kisha mpira wa kuzibia, ambao ndio unaoharibu kazi nyingi. Raba iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli huvimba na kulegea ikikutana na petroli. Oringi nyingi za mafundi bomba zimetengenezwa kwa maji na huvimba vilevile. Silikoni ya dukani inabanduka. Inayotakiwa ni oringi ya naitraili, ile ya mafuta, ikibanwa kati ya washa mbili pana na nati. Kosa jingine la kila siku ni mpira mweupe unaoonyesha ndani, ule wa levo wa waashi. Unavutia kwa kuwa unaona mafuta yakipita, lakini petroli huutoa ulaini wake. Unakuwa mgumu, unachomoka kwenye nipeli. Fundi alitumia mpira wa boti pamoja na balbu yake ya kukamulia, mshale ukielekea kwenye jenereta, na kila ncha ikafungwa klipu. Balbu inakamuliwa mara chache kujaza njia. Ikishakuwa ngumu mkononi unaacha, usije ukaifurisha kabureta.

Tundu la hewa alilitengeneza kwenye mfuniko huo huo, lenye skrubu ya kulifunga wakati wa kubeba. Likisahauliwa limefungwa, dumu litagoma kutoa mafuta, na dalili zitafanana sana na zile za mwanya.

Palipo na shaka kwangu ni usalama wa mpira ukikatika. Wengi huamini kwamba mrija unaotokea juu hauwezi kumwaga mafuta. Si kweli. Njia ikiwa imejaa, na ncha iliyokatika ikaanguka chini ya usawa wa petroli iliyomo dumuni, mafuta yatajivuta yenyewe hadi yafike usawa huo. Kwenye boti za petroli zenye injini ya ndani, kanuni za Marekani zinadai kinga dhidi ya jambo hilo hilo. Fundi aliweka koki ndogo kwenye mfuniko na kuagiza dumu likae sakafu moja na jenereta, upande usio na ekzosi, kivulini. Ningependa kuona vali ya kuzuia kujivuta badala ya koki tu, kwani koki inahitaji mtu aliye macho.

Mafuta ya saa 45 yanaleta kishawishi kingine. Injini hii ina oili ya lita 0.4 tu, na oili haiongezeki kwa sababu umeongeza petroli. Kila siku izimwe, ipimwe. Na ibaki nje ya nyumba, mbali na madirisha. Moshi wake unaua watu wakiwa usingizini.

Ukifungiwa mrija wa namna hii, usimlipe fundi kwa sababu jenereta imewaka. Jaza tangi dogo hadi juu, funga, washa kwa saa moja, zima, iache ipoe, kisha fungua mfuniko wa tangi hilo. Likiwa bado limejaa, lipa. Likiwa limepungua, hewa inaingia mahali fulani, na pa kwanza kukagua ni kwenye mfuniko wa dumu.